Mchezo Unaonuka na Wapenzi Waliokufa Wakaoza

Wasomaji wa kurasa hizi wamezowea kukutana humu na mashairi, riwaya na tafsiri, na huenda baadhi yao wakashangaa kumkuta mhakiki akimwaga wino wake kwa mchezo wa video. Sitaomba radhi. Mchezo ninaokusudia kuuzungumza ulitungwa na mtu wa maneno, ukafasiriwa na watu wa maneno, na ukanusurika kusahauliwa kwa sababu ya maneno. Basi ni haki yetu kuuhoji kama tunavyoihoji diwani.

Unaitwa Mother 2. Ulitoka Japani mwezi wa Agosti 1994, na Juni 1995 ukavushwa Marekani kwa jina la EarthBound. Kwao ulipokewa vyema, nakala zaidi ya nusu milioni zikanunuliwa. Marekani ziliuzwa takribani 140,000, idadi ndogo kwa kitu kilichotangazwa kwa kishindo kama kile. Na matangazo yenyewe yalikuwa kioja. Walioajiriwa kuunadi mchezo waliona busara kuwaambia watu kwamba unanuka, na wakachapisha vipande vya karatasi ambavyo mtu akivikwaruza vilitoa harufu mbaya. Watoto wakakwaruza, wakabana pua, wakanunua mchezo mwengine. Wahakiki wa majarida ya michezo nao walizitazama picha zake, wakaona ni za kitoto mbele ya michezo mipya ya mwaka ule, wakafunga ukurasa.

Hadithi ingeliweza kukoma hapo. Lakini miaka iliyofuata kaseti ya mchezo huo ikawa inauzwa mkono kwa mkono kwa mamia ya dola. Watu wazima wakajifunza Kijapani kwa ajili yake. Maelfu wakatia saini maombi kwa kampuni ya Nintendo, na kampuni ikanyamaza. Waswahili husema mtu amekufa akaoza kwa mwenziwe pale mahaba yanapomvuka akili; hawa walikufa wakaoza kwa kitu ambacho muuzaji mwenyewe alikwisha kukitangaza kuwa kinanuka. Kisa hiki ndicho kinachonishughulisha. Kazi iliyokataliwa sokoni hugeuka vipi ikawa na wafuasi kama murid wa tarika?

Jawabu inayotolewa aghalabu ni uadimu: kitu kikikosekana hutamaniwa. Siikubali. Maghala ya dunia yamejaa vitu adimu visivyotafutwa na mtu, na kila mshairi aliyechapisha diwani kwa fedha zake anaujua uadimu wa aina hiyo vizuri. Wengine husema ni utoto, kwamba mtu mzima huupenda mchezo aliouchezea alipokuwa na miaka kumi. Hilo lina chembe ya ukweli, lakini halielezi kwa nini wengi wa wapenzi hawa waliukuta mchezo wakiwa wamekwisha kukua, na wala halielezi kwa nini michezo mengine ya mwaka ule ule, iliyochezwa na watoto wengi zaidi, imebaki kumbukumbu tu bila ya kuzaa wafuasi. Rai yangu ni nyengine. Naamini mchezo huu ulipata wafuasi kwa sababu mtunzi wake alimpa mchezaji kazi, kazi ambayo haikwisha pale kioo kilipozimwa.

Mtunzi huyo ni Shigesato Itoi, aliyezaliwa mwaka 1948. Hakuwa fundi wa kompyuta. Alikuwa mwandishi wa matangazo ya biashara, bingwa wa sentensi moja inayokaa kichwani, na jina lake lilikuwa maarufu Japani kabla hajagusa mchezo wowote. Mwaka 1981 alitoa kitabu cha visa vifupi pamoja na Haruki Murakami. Michezo ya Kijapani ya aina ile, ambamo mchezaji humshika mhusika akasafiri naye kutoka mji hadi mji akipambana na maadui, ilikuwa imejaa panga, ngome na mazimwi. Itoi aliwavua mashujaa wake deraya. Shujaa wa Mother 2 ni mtoto wa mtaani aitwaye Ness, mwenye kofia kichwani na gongo la besiboli mkononi. Anahifadhi safari yake kwa kumpigia simu baba yake, ambaye hatumwoni hata mara moja tangu mwanzo hadi mwisho. Ni sauti tu, na fedha zinazoingia benki. Mchezaji akikaa muda mrefu bila kupumzika, baba huyo hupiga simu mwenyewe kumshauri apumzike. Akikaa mbali sana na nyumbani, Ness hupatwa na unyonge wa kukumbuka kwao, akawa katikati ya vita hapigani kwa kuwa anamuwaza mama yake. Dawa yake haiuzwi dukani. Dawa ni kumpigia mama simu.

Mambo haya yanaonekana madogo, na pengine ndiyo maana wahakiki wa 1995 hawakuyaona. Lakini tazama lugha inavyofanya kazi. Mbwa koko, kunguru, teksi iliyopandwa na wazimu, mzee mkorofi wa mtaani: hawa ndio maadui, na wakishindwa, matini hayasemi wamekufa. Mbwa hutulia akawa mpole. Binadamu hurudiwa na akili zake. Mchezaji anafanya kile kile kinachofanywa katika mchezo wowote wa vita, anabonyeza kitufe na kumpiga adui, ila kitenzi kimebadilishwa, na kwa kubadilishwa kitenzi dunia nzima ya mchezo imekuwa na huruma. Hata hesabu ya uhai imefanywa ibeba maana: mhusika akipigwa pigo la kumuua, tarakimu za uhai wake hazianguki mara moja bali huzunguka polepole kama mita ya kituo cha petroli, na mwenzake akiwahi kumtibu kabla haijafika sifuri, anapona. Nimeona vijana wakipiga kelele mbele ya mita ile kuliko mbele ya goli.

Na upo mzaha wenye uchungu ndani yake. Mwanzoni kabisa anatokea mjumbe kutoka wakati ujao, aliye katika umbile la mdudu mfano wa nyuki, analeta utabiri mzito wa wavulana watatu na msichana mmoja watakaoiokoa dunia. Mama wa jirani anamwona mdudu nyumbani mwake, anampiga, mjumbe anakufa. Utabiri umebaki, mtume wake ameuliwa kama inzi. Mwandishi anayeweza kufanya hivyo katika robo saa ya kwanza anajua anachokifanya.

Yupo pia Poo, mwana wa mfalme wa Dalaam, ambaye mtihani wake wa mwisho ni kukaa peke yake juu ya mlima. Roho ya wahenga inamjia na kumwambia itamvunja miguu, kisha itamnyang'anya mikono, masikio, macho, na hatimaye akili, na mara zote mchezaji anatakiwa aridhie. Hakuna cha kupigana nacho. Msomaji aliyelelewa karibu na zawia hatahitaji kufafanuliwa neno fanaa, na atashangaa kama nilivyoshangaa mimi kulikuta katika chombo cha kuchezea watoto.

Lakini kiini cha hoja yangu kipo mwishoni. Katikati ya safari, mchezo unamuuliza mchezaji jina lake. Majina ya wahusika yalikwisha kuchaguliwa siku ya kwanza. Sasa linatakiwa jina la mtu mwenyewe aliyekaa mbele ya kioo. Swali linaletwa kwa simu, kwa kisingizio chepesi, na mchezaji anajibu kisha anasahau. Saa nyingi baadaye anafika mbele ya Giygas, adui wa mwisho, kiumbe asiye na umbo wala maneno ya maana. Silaha hazifai. Kinachofaa ni dua za yule msichana, Paula. Anaomba, na dua inawafikia marafiki walioachwa nyuma, na watu wa miji waliyopita. Anaomba tena, inamfikia mama wa Ness. Kila aliyekutwa njiani anasimama kwa nukta moja na kuwakumbuka watoto wale. Kisha dua inaingia gizani, hakuna tena wa kuisikia. Ndipo linapotokea jina la mchezaji, lile alilolisahau, na yeye ndiye anayewaombea.

Katika tenzi zetu, mtunzi akifikia tamati hujitaja: jina lake, pengine la baba yake, mji wake na mwaka aliokamilisha kazi. Ndiyo muhuri wa mwenye mali. Itoi amekigeuza kiungo hicho juu chini. Beti za tamati amemwachia msomaji ajitie mwenyewe. Na mtu aliyekwisha kutajwa kwa jina ndani ya kazi, akaambiwa kwamba bila ya yeye watoto wale wangelikufa, hawezi tena kuiacha kama anavyoacha bidhaa. Anajiona ana dhamana nayo. Wafuasi wa kindakindaki, kwa fahamu zangu, ni watu wenye dhamana.

Atakayenipinga atasema kwamba wengi waliojiita wapenzi wa EarthBound hawakupata kuuona mwisho huo. Ni kweli. Mwaka 1999 Nintendo ilitoa Super Smash Bros., mchezo wa kuwapiganisha wahusika wake mashuhuri, na Ness alikuwamo. Watoto wengi walimjua huko kwanza, wakauliza huyu ni nani, na ametoka wapi. Lakini nani aliyewajibu? Kampuni haikuwa ikiuza tena mchezo wake. Waliojibu ni wale waliokwisha kutajwa kwa jina, na walijibu kwa bidii ya mtu anayesimulia habari za jamaa yake.

Hapa naingia katika uwanja wangu. Mfasiri mkuu wa toleo la Kiingereza alikuwa Marcus Lindblom, na ingawa sijui Kijapani, mwaka 2016 Clyde Mandelin alitoa kitabu kizima kinacholinganisha matini mawili hayo, nami nimekisoma kama wengine wanavyosoma riwaya za mapenzi. Nitatoa mfano mmoja. Mahali pamoja njia imezibwa na sanamu la chuma. Kwa Kijapani lina umbo la pweza, na inahitajika mashine ya kufuta pweza. Mbele ya safari njia nyengine imezibwa na sanamu la kokeshi, mwanasesere wa mbao wa kienyeji, na inahitajika mashine ya kufuta kokeshi. Kufuta, katika lugha ile, ni keshi. Jina la mashine ya pili linakuwa kokeshi-keshi, na Mjapani anacheka. Mmarekani angelicheka nini? Toleo la Kiingereza limemfukuza pweza na mwanasesere pamoja. Sanamu la kwanza likawa penseli, na mashine ikawa kifutio cha penseli. La pili likawa kifutio, na mashine ikawa kifutio cha kifutio. Hakuna neno hata moja lililofasiriwa, na mzaha umevuka bahari mzima. Kwa Kiswahili raba ya kufutia raba ingelimchekesha mtoto yeyote wa skuli, ila mimi ningelijaribu kwanza kumrejesha pweza, maana visiwani hakuna asiyejua kwamba pweza hupigwa mpaka alainike, na bila shaka upo mzaha humo kwa mwenye subira.

Wafasiri walifungwa mikono pia. Misalaba iliondolewa kwenye hospitali, baa ikageuzwa mkahawa, na Ness, aliyekuwa uchi katika nchi ya ndoto zake, akavishwa nguo za kulalia. Wapenzi waliyagundua haya mmoja mmoja, na kila ugunduzi uliwazidishia hamu ya asili. Tafsiri nzuri yenye makovu humfanya msomaji aulize kilichokuwapo chini ya kovu.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Mother 3. Mchezo huo ulitangazwa, ukacheleweshwa, ukafutwa mwaka 2000, kisha ukazaliwa upya kwa chombo chengine na kutolewa Japani Aprili 2006. Kwa Kiingereza haukuja. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule kikundi cha wapenzi, Mandelin akiwa mfasiri wao, kilianza kuufasiri bila malipo. Mandelin si mwanagenzi. Ufasiri ndiyo riziki yake. Matini yalizidi kurasa elfu moja. Kazi ilikwisha Oktoba 2008, na katika wiki ya kwanza ilichukuliwa zaidi ya mara 100,000. Mwaka 2013 alitangaza hadharani kwamba yuko tayari kuikabidhi Nintendo tafsiri yake bure. Haikuchukuliwa.

Kuna kinaya hapa nisichotaka kukipita. EarthBound ilitegewa mtego dhidi ya wezi wa nakala: aliyecheza nakala ya wizi alikutana na maadui wengi kupita kiasi, na akivumilia hadi kwa Giygas, mchezo uligoma na kumfutia safari yote. Mtego wa kikatili, na wa kisanaa kwa namna yake. Walakini kama si wanaokili, historia ya michezo hii ingelikuwa na tundu. Mother ya kwanza, ya mwaka 1989, ilikwisha kufasiriwa kwa Kiingereza mwaka 1990, kisha ikafungiwa kabatini. Kaseti ya majaribio ilipatikana mikononi mwa wakusanyaji, ikanakiliwa mwaka 1998, na watu wakaicheza miaka 17 kabla kampuni haijaitoa rasmi, mwaka 2015. Sisi si wageni wa mambo haya. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa tusingelikuwa nayo kama tulivyo nayo lau Mwalimu Sikujua bin Abdallah hakuyakusanya kwa watu na kumpa Taylor, mpaka Hichens akayachapisha mwaka 1940. Soko halikumtuma Sikujua. Hata hivyo Muyaka hakuwa na wakili wala hatimiliki, na sitaki kuifanya mifano hii kuwa mapacha.

Nikisema hivi nisifahamike kwamba nimejiunga na tarika. Mapenzi ya namna hii yana madhara yake, na la kwanza ni kuua uhakiki. Mikoba ya wahusika wa EarthBound ni midogo mno, mchezaji anapoteza muda akitupa hiki ili aokote kile. Sehemu za kati zinaburura miguu. Paula, mwenye dua inayookoa dunia, anatekwa nyara mara mbili kabla hajapewa nafasi ya kuwa mtu. Na nchi ya Scaraba, jangwa lenye piramidi, ni Mashariki ile ile ya mabango ya utalii. Wapenzi hujibu kwamba mchezo wote ni kejeli, kwamba hata Marekani imechorwa kwa mzaha. Sawa, lakini kuikejeli Marekani ukiwa Japani ni kumcheka mkubwa. Ukiichora Misri kwa vinyago hujamcheka mkubwa yeyote.

Madhara mengine ni kuona siri penye mistari mitupu. Juu ya Giygas pamezuka tafsiri nyingi za ajabu, baadhi zikidai kuona katika vivuli vyake umbo la mtoto aliye tumboni. Itoi mwenyewe ameeleza kwamba alipokuwa mdogo aliingia kwa makosa katika sinema ya watu wazima, akaona tukio la ukatili lililomtisha, na hofu ile ndiyo aliyomvika adui wake. Maelezo hayo yana uzito kuliko nadharia zote, kwa sababu yanaonesha hofu ya mtoto ikiandikwa na mtu mzima aliyekwisha kujifunza kuitawala sentensi. Mpenzi hataki hofu ya kawaida. Anataka siri, maana siri inampa cheo.

Uhakiki bora niliouona juu ya Mother 2 haukuandikwa kwa nathari. Toby Fox, Mmarekani aliyekulia miongoni mwa wapenzi hawa, mwaka 2008 alitoa toleo lake la EarthBound lililopinduliwa likawa la kutisha. Baadaye aliomba dola 5,000 kwa watu ili atunge mchezo wake mwenyewe, akachangiwa zaidi ya 51,000, na Septemba 2015 akatoa Undertale. Humo lile badiliko la kitenzi nililolitaja limechukuliwa kwa uzito wote: mchezaji anaweza kuumaliza mchezo bila kumuua adui hata mmoja, na akiua, mchezo unakumbuka, hata akianza upya. Fox aliona kwamba huruma ya Itoi ilikaa kwenye maneno tu, ilhali mkono wa mchezaji uliendelea kupiga. Akaishusha kutoka kwenye sentensi hadi kwenye kitufe. Huyo ni mwanafunzi aliyemsoma mwalimu wake vizuri kiasi cha kumdai zaidi, na kazi yake, tofauti na ya mwalimu, ilinunuliwa na mamilioni.

Vibanda vya gemu vya mitaani kwetu havijaujua mchezo huu, na sidhani vitaujua. Humo mpira wa miguu ndio mfalme. EarthBound yenyewe ilirudi madukani Marekani, na kufika Ulaya kwa mara ya kwanza, Julai 2013, miaka 18 baada ya harufu ile. Februari 2024 Nintendo iliiweka Mother 3 katika huduma yake ya michezo ya zamani, kwa Japani peke yake na kwa Kijapani. Mandelin na wenzake walikuwa wamekwisha kuisahihisha tafsiri yao zaidi ya mara moja, na kutokana nayo wapenzi wengine wakafasiri kwa lugha zao.